Fuvu na Magofu: Kuitathmini Upya Filamu ya Nne ya Indiana Jones kutoka Visiwa vya Lamu

Utangulizi

Mfululizo wowote wa visa, uwe wa riwaya au wa sinema, hufika mahali ambapo hadhira hudai mambo mawili yanayopingana: hudai shujaa wake arudi, na hudai asibadilike. Filamu iitwayo Indiana Jones and the Kingdom of the Crystal Skull, iliyoongozwa na Steven Spielberg na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Cannes mwezi Mei 2008, ilikuja miaka 19 baada ya filamu ya tatu ya mfululizo huo. Iliingiza zaidi ya dola milioni 780 ulimwenguni kote. Wahakiki wengi wa magazeti waliipokea kwa upole, lakini wapenzi wa mfululizo wenyewe waligawanyika, na wengi wao wakaihukumu kuwa ndiyo iliyowaharibia kitu walichokipenda tangu utotoni. Hukumu hiyo imeota mizizi. Wanafunzi wangu wa uzamili, ambao baadhi yao walikuwa watoto wadogo mwaka huo, huirithi pamoja na mizaha yake kabla hata hawajaitazama filamu yenyewe.

Insha hii inakusudia kuifungua upya kesi hiyo, na kuifungulia mahali ambapo haijazoeleka kusikilizwa, yaani katika visiwa vya Lamu. Hoja yangu ni moja. Nadai kwamba filamu ya nne ndiyo iliyolikaribia zaidi swali ambalo mfululizo mzima ulikuwa ukilizunguka, nalo ni swali la kitu cha kale kuwa ni mali ya nani. Inamtuma shujaa kwenda kurudisha kilichoibwa, kisha inamfanya akirudishe kwa asiyekuwa mwenyewe. Hilo ndilo kosa lake kubwa. Hata hivyo ni kosa lenye manufaa kwetu, kwa kuwa limewahi kufanywa juu ya miji yetu na watu waliokuwa na vyeo vya kitaalamu, wala si watengenezaji wa sinema pekee.

Filamu tatu za mwanzo nilizitazama Lamu nikiwa kijana, katika chumba cha video mtaani Langoni, kwa kanda zilizonakiliwa mara nyingi hata nyuso za wahusika zikawa na ukungu. Aliyejua Kiingereza zaidi ndiye aliyewafafanulia wenzake. Mandhari iliyotuvuta haikuwa ngeni kwetu: mji uliomezwa na msitu, kuta zinazoficha siri, kisima kilichokauka, kaburi lenye nguzo. Magofu tulikuwa nayo. Takwa iko ng'ambo tu, kisiwani Manda. Pate na Shanga ni mwendo wa mashua. Tofauti ni kwamba sisi hatukufundishwa kuyaendea magofu kwa kutafuta sanamu ya dhahabu. Tulifundishwa kuyaendea kwa mazingatio, kwa sababu katika fasihi yetu msomaji mkuu wa magofu si mtafuta hazina. Ni Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, ambaye mwanzoni mwa karne ya 19 aliitazama Pate iliyoporomoka na kuifanya somo kwa nafsi yake katika Al-Inkishafi. Kwa hiyo tangu mwanzo nilizitazama filamu hizi nikiwa na namna mbili za kuyasoma magofu kichwani, na sijawahi kuiacha mojawapo.

Lawama na uzito wake

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na ndivyo lawama nyingi zinavyosema juu ya Spielberg na George Lucas, mtunzi wa kisa. Zikikusanywa pamoja, lawama hizo ni nne. Kwanza, shujaa anajificha ndani ya friji, anarushwa na mlipuko wa bomu la nyuklia, na anatoka mzima. Pili, mwanawe, Mutt, anabembea juu ya miti pamoja na kima. Tatu, hazina iliyofichwa inageuka kuwa chombo cha angani chenye umbo la sahani. Nne, shujaa amezeeka. Harrison Ford alizaliwa mwaka 1942, na alikuwa na miaka 65 filamu ilipotoka.

Tukipima lawama hizi kwa vigezo vya uhakiki, nyingi zinapungua uzito. Anayelalamikia ukosefu wa uhalisi amesahau kwamba katika filamu ya kwanza, ya mwaka 1981, Sanduku la Agano linayeyusha nyuso za wanajeshi; katika ya pili, ya 1984, moyo unang'olewa kifuani na mwenyewe akiwa angali hai; na katika ya tatu, ya 1989, tunakutana na mlinzi aliyeishi mamia ya miaka akilinda kikombe. Uhalisi haukuwa sharti la mfululizo huu wakati wowote. Kilichobadilika ni utanzu. Filamu tatu za mwanzo zimewekwa katika miaka ya 1930 na zinaiga visa vya kusisimua vya sinema za zama hizo. Ya nne imewekwa mwaka 1957, na kwa hiyo inaiga sinema za miaka hiyo: hofu ya ukomunisti, hofu ya bomu, na wageni kutoka angani. Mtazamaji aliyedai muujiza wa kidini alipewa muujiza wa kisayansi, naye akauita uongo.

Tukio la friji lenyewe linastahili kusomwa kwa makini kuliko lilivyosomwa. Shujaa anaingia katika mji mdogo jangwani Nevada. Nyumba ni safi, runinga inawaka, watu wameketi sebuleni. Kumbe wote ni sanamu, na mji umejengwa ili uteketezwe kwa majaribio. Dakika chache baadaye anasimama akiwa kivuli kidogo mbele ya wingu la mlipuko. Mwanaakiolojia aliyezoea kupekua miji ya wengine iliyokufa anaonyeshwa mji wa kwao ukifa. Katika mfululizo mzima sijaona taswira iliyo karibu zaidi na Al-Inkishafi kuliko hii: nyumba iliyojaa starehe, iliyokwisha kuandikiwa kubomoka. Anayelitaja tukio hilo kwa kicheko tu amelikosa nusu nzima.

Lawama ya picha za kompyuta ni ya haki, na haihitaji maelezo marefu. Kima na siafu wa filamu hiyo hawana uzito wa viumbe, na mbio za msituni hupoteza ile hatari ya mwili halisi iliyozipa nguvu filamu za awali. Kuhusu uzee wa shujaa nitarudi baadaye. Lililobaki ni lile la sahani ya angani, ambalo nakubali kwamba ni kasoro, ingawa si kwa sababu iliyotolewa na wengi.

Kuchukua na kurudisha

Msuko wa filamu ya kwanza unaanza kwa shujaa kuchukua sanamu ya dhahabu katika hekalu la Amerika ya Kusini. Anayempokonya ni mshindani wake Mfaransa, na mgogoro unakuwa baina ya wachukuaji wawili. Wenyeji wanatumika kama jeshi la kukodiwa katika ugomvi usiowahusu. Katika filamu ya tatu tunaelezwa kanuni inayomtofautisha Indiana na wezi: yeye anaamini kwamba vitu vya kale vinastahili kuwekwa makumbusho. Kanuni hiyo inapendeza ukiwa umekaa mjini penye makumbusho. Ukiwa umekaa mahali kilipotoka kitu chenyewe, tofauti ya mwizi na mwenye makumbusho huhitaji ithibati zaidi.

Pwani yetu ina ithibati hizo. Lamu ina bahati kwamba siwa ya pembe ya Pate na siwa ya shaba ya Lamu, ambazo zilikuwa alama za utawala na za arusi za waungwana, zilihifadhiwa katika makumbusho ya Lamu kwenyewe, ambako mjukuu wa mpiga siwa anaweza kwenda kuziangalia. Jirani zetu Wapokomo wa bonde la Mto Tana hawakupata bahati hiyo. Ngoma yao takatifu, ngadji, ilichukuliwa na maofisa wa Kiingereza mwaka 1902 na ikaishia katika ghala la British Museum mjini London. Vigango vya Wamijikenda, ambavyo ni nguzo za kuwakumbuka marehemu na si mapambo, viliuzwa kwa watalii na wafanyabiashara wa sanaa hadi vikajaa katika makumbusho ya Marekani. Baadhi yake vilianza kurejeshwa Kenya mwaka 2007.

Mwaka huohuo wa 2007 ndio filamu ya nne ilipokuwa ikipigwa, na ndani yake kuna jambo jipya. Ni kweli kwamba katika filamu ya pili Indiana analirudisha jiwe takatifu katika kijiji cha India. Hata hivyo, urejeshaji ule ni hisani ya mgeni mwokozi, na wenyeji hawana la kufanya ila kusubiri na kushukuru. Katika filamu ya nne kurudisha ndiko uti wa mgongo wa kisa. Fuvu la kioo liliibwa karne nyingi zilizopita kutoka mji wa Akator, uliofichika Amazoni. Shujaa anapolitazama, fuvu linamwamuru alirudishe, na tangu hapo hatafuti kitu cha kuondoka nacho. Mshindani wake, Irina Spalko wa Muungano wa Kisovieti, anataka kulirudisha pia, lakini kwa kutaka malipo: anadai kujua yote, na maarifa yanamteketeza. Mac, rafiki msaliti, anajaza mifuko yake vito na kumezwa navyo. Mwishoni shujaa anafasiri neno la wenyeji ambalo Wahispania walidhani ni dhahabu, na kueleza kwamba maana yake ni hazina, na hazina yao ilikuwa maarifa. Anaondoka mikono mitupu. Kwa mhakiki wa Kiafrika anayetafuta katika mfululizo huu dalili ya dhamira iliyokomaa, dalili ni hiyo.

Lakini je, fuvu linarudishiwa nani? Katika chumba cha ndani kabisa cha Akator wameketi viumbe kumi na watatu wa kioo, na mmoja wao hana kichwa. Hao ndio wenyewe. Kabla ya kuwafikia, Indiana na wenzake wanapita katika ukumbi uliojaa vitu vya Misri, vya Babeli, na vya mataifa mengine ya kale, naye anatambua kwamba viumbe hao walikuwa wanaakiolojia kama yeye. Mstari huo hupita upesi, na watazamaji wengi hawaukumbuki, ila mimi nauona kuwa ndio ufunguo wa filamu. Mwenye mji ni mkusanyaji, na mji wenyewe ni makumbusho. Fuvu halirudi kwa watu. Linatoka katika mkono wa mkusanyaji mmoja na kuingia katika mkono wa mwingine aliye mkubwa zaidi. Kisha chombo chao kinapaa, ukumbi unasagika pamoja na amana zote za mataifa, na bonde linajaa maji.

Wapo pia Waugha, kabila la kubuniwa, ambao ndio walinzi wa mji. Wanachomoza kutoka ndani ya kuta, wanakimbiza, wanaona fuvu na kurudi nyuma. Hakuna aliye na jina wala anayepewa sentensi ya kufasiriwa, na hakuna anayeulizwa fuvu liwekwe wapi. Hata lugha za Amerika ya Kusini zimeguswa kwa wepesi huohuo. Shujaa anazungumza Kikechua huko Peru na kueleza kwamba alijifunza kwa watu wa Pancho Villa, ilhali Villa alipigana Meksiko, ambako Kikechua hakisemwi. Kosa dogo kama hilo ni ushahidi mzuri kwa mhakiki, maana linaonyesha kwamba waandishi hawakutarajia kuwa na mtazamaji anayeijua lugha hiyo.

Nani aliyejenga?

Imani kwamba majengo makubwa ya watu wasio Wazungu yalijengwa au kufundishwa na wageni kutoka angani ilienezwa sana na kitabu cha Erich von Däniken cha mwaka 1968. Asili yake ni kongwe kuliko hapo. Karl Mauch alipofika Zimbabwe Kuu mwaka 1871 aliona ni rahisi zaidi kuihusisha na Malkia wa Sheba kuliko na babu za watu aliowakuta pale. Gertrude Caton-Thompson alithibitisha mwaka 1929 kwamba wajenzi walikuwa Waafrika, na bado serikali ya walowezi ya Rhodesia iliendelea kuukwepa ukweli huo kwa miaka mingi. Sahani ya angani ya mwaka 2008 ni mwana wa Malkia wa Sheba huyo. Fuvu lenyewe ni la ukoo huohuo: utafiti wa British Museum na Smithsonian, uliochapishwa mwaka huohuo wa 2008, ulionyesha kwamba mafuvu ya kioo yaliyokuwa katika hifadhi zao yalichongwa kwa zana ambazo hazikuwako Amerika kabla ya kuja kwa Wazungu. Yalitokana na biashara ya vitu vya kale. Filamu imejengwa juu ya kitu ambacho wenyeji hawakukitengeneza, kisha ikawanyang'anya hata walivyovitengeneza.

Hapa ndipo Lamu inapoingia kwa haki yake. Kwa muda mrefu miji ya mawe ya pwani ilielezwa kuwa kazi ya Waajemi na Waarabu waliohamia na kuwaacha Waafrika wakiwa watazamaji. Neville Chittick, aliyefukua Manda na kuchapisha matokeo yake mwaka 1984, alielekea kuamini kwamba mji ule ulianzishwa na walowezi kutoka Ghuba ya Uajemi. Mark Horton alifukua Shanga, kusini mwa kisiwa cha Pate, kuanzia mwaka 1980 hadi 1988, na kuchapisha ripoti yake mwaka 1996. Chini ya Msikiti wa Ijumaa wa mawe alikuta msikiti mwingine, na chini yake mwingine, hadi akafikia mashimo ya nguzo za kijumba kidogo cha miti cha karne ya 8. Kuzunguka hapo palikuwa na nyumba za udongo na miti, na vigae vya vyungu vya kienyeji vilivyoendelea bila kukatika tangu tabaka za chini. Watu haohao, kizazi baada ya kizazi, walihama kutoka mti hadi udongo, na kutoka udongo hadi tumbawe. Upande wa lugha, Derek Nurse na Thomas Spear walikuwa wamekwisha kuonyesha mwaka 1985 kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu iliyokulia hapahapa pwani.

Mwanachuoni mwaminifu hawezi kuishia hapo. Utafiti wa chembe za urithi uliochapishwa katika jarida la Nature mwezi Machi 2023, uliohusu mabaki ya watu 80, wakiwemo waliozikwa Manda na Faza, ulionyesha kwamba kwa kadiri ya mwaka 1000 kulikuwa na kuchanganya damu kwa dhahiri: upande wa mama nasaba ilikuwa zaidi ya Kiafrika, na upande wa baba ilikuwa zaidi ya Kiasia, hasa ya Uajemi. Masimulizi ya wazee juu ya Washirazi hayakuwa porojo tupu. Hata hivyo msikiti wa miti wa Shanga ulikwisha kusimama kabla ya tarehe hiyo. Mgeni alifika, akaoa, akakaribishwa katika mji uliokwisha kuanza na katika lugha iliyokwisha kusemwa. Kufika na kujenga ni mambo mawili, na historia ya pwani imepotoshwa kila mara yalipofanywa kuwa jambo moja.

Haki inanilazimu niongeze kwamba si wageni pekee waliopotosha. Tarikh ya Pate inaanza na watu waliotumwa kutoka Sham, na waungwana wa Lamu walihesabu asili ya ng'ambo kuwa sehemu ya uungwana wao. Aliyejenga kwa mikono, aliyekata boriti katika mikandaa ya Manda, aliyevunja matumbawe na kuchoma chokaa, hakuwa na nafasi katika shajara hiyo. Sisi nasi tulikuwa na sahani yetu ya angani, ila yetu ilikuja kwa jahazi.

Miaka michache iliyopita niliwapeleka wanafunzi Shanga. Tulisubiri maji yajae ili mashua ipite Mkanda, tukashukia Siyu na kumaliza safari kwa miguu. Mmoja wao, mzaliwa wa kisiwa hicho, alisimama mbele ya kibla cha msikiti na kuuliza kwa upole swali lililotunyamazisha: kama yote haya yalitoka nje, sisi tulikuwa tukifanya nini? Swali hilo ndilo kigezo ninachopendekeza kwa filamu ya nne. Mtazamaji wa Marekani akiuliza kama mtu aweza kusalimika ndani ya friji, anauliza swali la fizikia. Mtazamaji wa Siyu akiuliza watu wa Akator walikuwa wakifanya nini viumbe wa kioo walipokuwa wakijenga, anauliza swali la heshima yake mwenyewe.

Filamu ya tano, Indiana Jones and the Dial of Destiny, iliyoongozwa na James Mangold mwaka 2023, imelifanya swali hilo kuwa kali zaidi. Kitu kinachotafutwa humo ni chombo kilichobuniwa na Archimedes, kwa mfano wa ile mashine ya Antikythera iliyotolewa baharini huko Ugiriki mwaka 1901. Chombo hicho kina uwezo wa ajabu kuliko mji wowote wa mawe, kwani kinafungua milango ya wakati. Lakini hakuna aliyeona haja ya kuleta kiumbe wa angani ili kueleza kimetoka wapi. Mgiriki anaruhusiwa kuwa na akili zake. Ukizitazama filamu hizi mbili kwa kufuatana, utaona bila kuelezwa ni nani katika sinema hii anayehesabiwa kuwa fundi na ni nani anayehesabiwa kuwa mlinzi wa mlango.

Shujaa aliyezeeka

Ikiwa kasoro ni kubwa hivyo, kwa nini niitetee? Sababu moja nimekwisha kuitoa: filamu imeuliza swali sahihi. Sababu ya pili ni uzee wa shujaa, ambao wengi waliuhesabu kuwa udhaifu na mimi nauhesabu kuwa ndio ukomavu wake.

Fasihi ya visiwa hivi ina shujaa wake mkuu, Fumo Liyongo, ambaye utendi wake uliandikwa na Muhammad Kijuma mwaka 1913 kutokana na masimulizi ya kale zaidi. Tunampenda Liyongo kwa nguvu zake na kwa werevu wake wa kutoka kifungoni, lakini utendi haukomi hapo. Unafika kwa mwanawe, anayetumwa na mtawala kuuliza siri ya kifo cha baba, naye anairudia na kumchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Liyongo anajikokota hadi kisimani na kufa amepiga goti, upinde mkononi, na watu wa mji wanaogopa kuteka maji kwa kumdhania yu hai. Kwa hadhira yetu, shujaa ambaye kisa chake hakimfikishi kwa mwanawe na kwa mwisho wake ni shujaa aliyeachwa njiani.

Filamu tatu za mwanzo zilimwacha Indiana njiani, akipanda farasi kuelekea machweo. Ya nne inamfikisha mahali pengine. Baba yake amekufa, rafiki yake wa chuoni amekufa, serikali aliyoitumikia inamshuku, na chuo kinamsimamisha kazi. Mkuu wa kitivo anamweleza kwamba wamefika umri ambao maisha hayatoi tena, yanatwaa tu. Kisha anatokea kijana asiyemjua, na anatambua kwamba ni mwanawe aliyezaliwa na Marion. Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Baada ya Misri, India na Amazoni, safari inaishia kanisani, kwa ndoa iliyocheleweshwa miaka ishirini.

Katika tukio la mwisho upepo unaiangusha kofia maarufu miguuni mwa Mutt. Kijana anaiokota na kutaka kuivaa. Baba anapita na kuichukua. Wengi walichekeshwa, na wengine walifurahi kwamba Mutt hakurithi. Mimi nalisoma tukio hilo pamoja na lile la sindano ya shaba. Katika utendi mwana anapewa siri ya baba na kuitumia kumuua. Katika filamu mwana ananyimwa kofia na baba anaishi. Utendi una ujasiri zaidi, kwa kuwa unajua kwamba urithi una gharama. Filamu ililikaribia jambo hilo na kugeuka dakika ya mwisho, kama ilivyogeuka katika suala la fuvu. Ile ya tano ilikuja kulipa deni hilo kwa njia ya ukatili: tunaelezwa kwamba Mutt alifia vitani Vietnam na ndoa ikavunjika. Baada ya kuitazama, harusi ya mwaka 2008 haionekani tena kuwa ya kitoto. Inaonekana kuwa saa fupi ya amani ambayo mfululizo haukuweza kuitunza.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba mjadala juu ya filamu ya nne uliendeshwa kwa vigezo visivyotosha. Ililaumiwa kwa friji, ambalo ni mojawapo ya mafanikio yake. Ililaumiwa kwa uzee, ambao ni dhamira yake. Na ililaumiwa kwa chombo cha angani kwa sababu ya ladha, ilhali ilipaswa kulaumiwa kwa sababu ya historia. Mtu akiisoma kwa namna hii hatalazimika kuipenda, lakini atakuwa na hoja ya kweli ya kujadili. Napendekeza pia kwamba idara zetu ziifundishe pamoja na Al-Inkishafi, utendi wa Liyongo na ripoti ya Shanga, maana matini hizi nne zinagombania jambo moja: ni nani mwenye haki ya kuyasemea magofu.

Katika semina yangu hutoa zoezi dogo baada ya kuitazama. Nawaomba wanafunzi waandike ukurasa mmoja unaokosekana, ambamo mzee wa Waugha anapokea fuvu kutoka mkononi mwa Indiana Jones. Wengi humpa mzee maneno ya shukrani, jambo linaloonyesha jinsi tulivyofunzwa vizuri. Mwanafunzi mmoja kutoka pwani aliandika mistari michache tu. Mzee analipokea fuvu, analigeuza, analipa mgongo kundi la wageni na kuliweka kivulini. Kisha anawakaribisha maji, na baada ya wao kunywa anawauliza yako wapi yale mengine.